Mdomo wa Ratu

Ukoo wa Ropate ulikuwa na kazi moja tangu enzi za mababu, nayo ilikuwa kupiga. Pale kijijini Vunidilo kila ukoo ulizaliwa na zamu yake: hawa ni wavuvi wa chifu, wale ni wasemaji wake, na kina Ropate walikuwa ngumi zake. Zamani walipiga kwa rungu. Siku hizi rungu limetundikwa ukutani juu ya televisheni, basi walipiga kwa mikono, na hasa Jumamosi uwanjani, ambako sheria ya raga inakuruhusu nusu ya mambo, na mwamuzi akigeuka unajiruhusu nusu iliyobaki.

Chifu mwenyewe, Ratu Emosi, Ratu likiwa jina la cheo chake, alikuwa kijana, mwepesi, mcheshi, na ndiye nahodha wa timu. Usingeweza kumchukia hata ukilipwa. Msimu uliopita mchezaji mmoja wa timu ya Nawaisomo alimkanyaga mkono makusudi, mpira ukiwa umeshaondoka. Ropate alimfuata mpaka kwenye mstari, akamvunja pua kwa kichwa, na mwenye pua alipokuwa chini anaitafuta, akamkanyaga vidole kwa njumu mpaka akasikia vikilia. Alifungiwa mechi nne. Jioni ile kwenye kava, kinywaji cha mizizi wanachonywa kwa zamu, Ratu alikunywa kwanza kama ada, akarudisha kifuu, kikajazwa, na Ropate akakinywea palepale Ratu alipoacha mate yake. Hakuna aliyefuta kifuu. Kukifuta kungekuwa sawa na kumtukana chifu mbele ya mikeka yake.

Basi ndivyo alivyokuwa, na wala sijaribu kumsafisha. Lakini mtu huyo mwenye mikono mibaya alikuwa na jambo moja lililomkosesha usingizi. Mwanawe wa kwanza, Ilaitia, alikufa kabla hajatimiza wiki tatu. Homa, malengelenge kichwani, kukataa ziwa, kisha degedege. Mto ulikuwa umefurika na daraja limezama. Walipofika hospitali mtoto alikuwa ameshakata roho mikononi mwa Ropate, na hakuna aliyepima chochote. Wakazika. Sasa Sereima, mkewe, alikuwa amejifungua tena, mtoto wa kike, na alikuwa bado hospitali mjini. Ropate hakumwomba Mungu kingine zaidi ya hiki: huyu aishi.

Mambo yalianzia kwenye ukumbi wa kijiji. Chama cha raga kilikuwa kimeamuru kwamba timu isiyo na wachezaji waliofundishwa huduma ya kwanza haitaingia ligi. Kwa hiyo akaletwa Titilia kutoka mjini, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyewahi kuwa nesi. Dereva wake alikuwa mdogo wake, Waisake, na huyo alipokelewa kwa kelele, kwa sababu kisiwa chao na Vunidilo ni watani tangu mababu. Mtani anakuibia kuku, anakutukania bibi yako msibani, nawe unacheka. Mtani hapigwi.

Waisake alipanga masanamu matatu ya mazoezi kwenye mikeka, vifua na vichwa tu, hayana miguu, midomo wazi. Wachezaji waliyaita kina Bibi Plastiki papo hapo, na mmoja akauliza kama Bibi ameolewa.

"Sikilizeni," Titilia alisema. "Mtampulizia mdomo kwa mdomo. Kila mtu akimaliza, nafuta uso kwa spiriti, tunaacha ukauke, ndipo anakuja mwingine. Mwenye mafua au kidonda mdomoni aniambie sasa hivi. Huyo atapata uso wake peke yake."

Hakuna aliyesema. Ratu Emosi alikuwa na kidonda kwenye pembe ya mdomo, kile kinachomtembelea kila msimu wa jua kali, na wote walikiona. Lakini nani angenyoosha kidole kumwonyesha chifu mdomoni? Ratu mwenyewe alikuwa anataniana na Waisake, na hata kama alisikia, aliona maneno yale yanawahusu watu wengine. Titilia naye alikuwa anahangaika na sanamu la pili ambalo kifua chake hakikuinuka.

Na kwa kuwa Ratu ndiye hunywa wa kwanza, wakamwachia Ratu awe wa kwanza. Alipiga magoti, akampulizia Bibi, kifua kikapanda. Wanaume wakapiga makofi matatu mazito ya viganja vilivyokunjwa, kama kwenye kava. Ropate, ambaye hunywa wa pili, alijivuta mbele kwa magoti na kuinamisha mdomo.

Titilia aligeuka wakati huohuo. Alimwona Ratu akijipangusa kidonda kwa kidole. Aliweka mkono wake wenye glavu kifuani mwa Ropate akamsukuma nyuma, akaubandua uso wa sanamu kwa ncha za vidole, na kuutumbukiza kwenye ndoo ya klorini.

Uso ulielea kwenye maji, mdomo wazi, na maji yakauingia.

"Msishangae jamani," Waisake alisema. "Mdomo wa chifu wenu una wakazi wengi kuliko kijiji chenu. Hata sensa haikuihesabu mitaa yote."

Ratu alicheka. Alicheka kweli, kichwa nyuma, maana huo ni utani na ulikuwa mzuri. Lakini Ropate hakusikia kicheko. Aliona pumzi ya chifu wake imetupwa kwenye ndoo kama matapishi, mbele ya watu, na mkono wa mwanamke umemsukuma yeye asishiriki. Mwanamke hampigi. Basi aliipiga teke ndoo, klorini ikaruka mpaka dirishani, akamgeukia aliyebaki.

Ngumi ya kwanza ilimpata Waisake tayani, na wote waliokuwapo walisikia mfupa ukikatika. Ya pili ilimkuta anaanguka. Alidondoka juu ya Bibi Plastiki, damu ikamtoka na jino, na Ropate akamvuta sanamu kutoka chini yake, akamng'oa kichwa na kukibamiza ukutani mpaka kikapasuka. Akarudi kumtafuta mtu. Watu wanne walimrukia na bado alikuwa anasogea nao.

"Ropate," Ratu alisema. "Tosha."

Akaacha hapohapo. Mkono wa ukoo ule hutii sauti moja tu.

Titilia hakupiga yowe. Alikuwa ameshapiga magoti, amembiringisha mdogo wake kwa ubavu, anamtoa damu mdomoni kwa kidole ili isimzibe koo. "Sogeeni mtazame vizuri," alisema bila kuinua kichwa. "Hili nalo limo kwenye somo."

Jioni ile kaka mkubwa wa Ropate, Maciu, mkuu wa ukoo wao, alimwita nyuma ya nyumba, akachukua kipande cha mpira wa maji na kumchapa mgongoni mpaka mkono ukachoka. Ropate alishika nguzo ya kamba za kuanikia nguo na hakulia.

"Umempiga mtani," Maciu alisema akihema. "Mtani, Ropate. Hata mbwa wetu hawambweki. Hasira hasara, umeambiwa tangu unanyonya."

"Walimtukana Ratu."

"Ratu alicheka. Wewe nani ukasirike kuliko mwenye mdomo?"

Maciu alimpiga mara moja zaidi, kisha akaingia ndani kumtafutia mafuta ya kupaka.

Siku mbili baadaye walikwenda mjini kuomba radhi. Kwa jambo la namna hiyo huendi na maneno matupu. Unakwenda na jino la nyangumi. Nyumba ya Titilia ilikuwa nyuma ya kiwanda cha sukari, na uani walikaa binamu zake Waisake, wapakiaji wa magunia wenye shingo nene, wakimsubiri. Ada inasema mwenye kosa huingia kwa magoti, kichwa chini, jino limeshikwa kwa mikono miwili, na hainuki wala hajibu chochote mpaka apokelewe. Binamu waliijua ada hiyo vizuri sana.

Wa kwanza alimpiga teke la mbavu. Ropate akayumba, akaendelea. Wa pili alimkanyaga kwa kisigino kwenye vidole vilivyoshika jino, vilevile yeye alivyowahi kumkanyaga mtu, akasokota. Wa tatu, mkubwa kuliko wote, alimzibua sikio kwa kiganja, na Ropate akasikia mlio mrefu kichwani ambao haukuisha siku ile wala ya pili yake. Angeweza kuwalaza wote watatu. Aliuma meno akatambaa mpaka kwenye mkeka.

Waisake alikuwa amefungwa taya kwa waya. Alilipokea jino, akaligeuza, akaongea kwa midomo tu.

"Mtani. Tangu juzi nakunywa supu kwa mrija. Ukiona nimependeza kwenye harusi ya mtu, nitawaambia nimekondeshwa na Vunidilo."

Maciu alicheka kwa shukrani, wazee wakapiga makofi, jambo likaisha. Ndivyo ilivyo kwetu, likifukiwa limefukiwa. Lakini Titilia, aliyesimama mlangoni, alisema, "Hilo jino ni la mdogo wangu. Langu mimi bado. Maji yakimwagika hayazoleki, ila ndoo inajazwa. Njoo nyuma, Ropate."

Nyuma kulikuwa na karo la zege, tangi la maji, na masanamu yake yote, hata yale ya shule na ya kiwandani. Alimpa glavu. Mkono wa Ropate ulizipasua mbili, na ya tatu ikamfika nusu ya kiganja.

"Mikono gani hii," Titilia alisema. "Haya, fanya nayo kazi ya maana kidogo."

Akamfundisha. Unabandua uso. Unatoa mfuko wa ndani, ule wa mapafu, unautupa, hauoshwi. Uso unausugua kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ndani ya pua, nyuma ya meno, mahali ambapo mate hujificha, kwa sababu klorini haiwezi kuua kitu kilichojifunika uchafu. Unausuuza. Ndipo unaulaza kwenye klorini iliyochanganywa siku hiyohiyo, si ya jana, na unausubiri. Huutoi mapema kwa sababu una haraka. Kisha maji safi, kisha kivulini ukauke kabisa.

Alisugua. Mtu aliyevunja uso wa plastiki ukutani sasa aliingiza mswaki kwenye matundu ya pua za nyuso nyingine kwa uangalifu. Mbavu zilimuuma kila alipoinama.

"Ulisema utafuta kwa spiriti," Ropate alisema mwishowe. "Kwa Ratu hukufuta. Ulibandua uso mzima."

"Kwa sababu ya kidonda. Kosa langu ni kwamba sikukiona mapema. Nilipaswa kuwakagua mmoja mmoja, chifu kwanza."

"Kile humtoka kila mwaka. Hakimuumi."

"Kwa mtu mzima ni kero tu. Wengi wetu tumeshakipata tukiwa watoto na tumekisahau." Titilia alisimamisha mikono. "Wewe ndiye uliyekuwa unafuata. Na asubuhi ile wenzako walikuwa wanakutania kwamba umepata binti. Nilikuzuia wewe, baba wa mtoto. Kile kidonda kikifika kwa kichanga, kichanga hakina cha kujikingia."

Ropate aliendelea kusugua uso uliokwisha kuwa safi.

"Kinaanzaje?" aliuliza. "Kwa mtoto."

"Anakataa ziwa. Anakuwa na homa, au anapoa. Wengine wanatoka malengelenge madogo, mdomoni, machoni, kichwani. Kisha degedege. Akiwahishwa hospitali dawa ipo. Asipowahi..." Alimtazama. "Kwa nini unauliza?"

Akamweleza. Alimweleza kwa sentensi fupi, macho kwenye karo: mto, daraja, kichwa cha Ilaitia kilichojaa malengelenge chini ya kofia ya sufu aliyofuma bibi yake. Alimweleza siku ya kumpokea mtoto kijijini, jinsi ada ya Vunidilo inavyotaka chifu awe wa kwanza kumbusu mtoto mdomoni, ili apate pumzi ya kwao. Ulikuwa mwezi huuhuu wa jua kali. Alikumbuka kidonda. Alikumbuka kwa sababu siku ile Ratu aliugulia kava ilipomgusa pale, na wote wakamcheka.

"Ni yeye?"

"Siwezi kuapa," Titilia alisema polepole. "Sikumwona mwanao. Hakuna aliyepima."

"Lakini ni yeye."

"Inawezekana, kaka. Inawezekana sana."

Ropate aliuweka uso chini taratibu, akaenda kwenye tangi la maji, akalipiga ngumi. Akalipiga tena, na tena, mkono huu na huu, mpaka bati likabonyea na ngozi ya vifundo ikafunguka na damu ikatiririka kwenye kiwiko. Binamu walikuja mbio na Maciu nyuma yao, wakasimama. Hakuwa analia. Alikuwa anatoa sauti, lakini sikuiita kilio hata nilipohadithiwa.

"Ukimaliza na tangi," Titilia alisema, naye mwenyewe amevua miwani anafuta macho, "nawa vizuri, nikufunge hiyo mikono, urudi usuuze. Tumeacha nyuso kwenye klorini."

Akarudi akasuuza.

Jumamosi, Maciu akiwa anapakia miwa, Ropate alimwambia maneno yote. Maciu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwasha kofi.

"Unataka nikamwambie Ratu mdomo wake unaua watoto?"

"Nataka asimbusu mwanangu. Mwaka mmoja tu. Mpaka akomae kidogo."

"Huyo nesi amekupandisha pepo. Babu yako alibusiwa, mimi nilibusiwa, mbona tuko hai?" Alishusha sauti. "Ropate, sisi hatumfundishi chifu. Sisi tunapiga wanaomfundisha. Ukisema neno hilo kesho mtoto akipokelewa, mimi ndiye nitakayekuja kwako, na sitakuja na mpira wa maji."

Alimaanisha. Usimdhanie ni mtu mwovu. Alimpenda mdogo wake, na alikuwa amembeba Ilaitia kaburini kwa mikono yake. Ila alijua zamu yake, na mtu anayeijua zamu yake sana ni mgumu kumsemesha.

Jumapili Ropate alimchukua Sereima hospitali kwa gari la kukodi. Alimweleza njiani, nyuma ya dereva, kwa kunong'ona. Sereima alimkumbatia mtoto akatazama mashamba ya miwa yakipita. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na machozi yake yalikwisha kwa yule wa kwanza.

"Basi asimguse," alisema.

"Nitamwambia."

"Utasema nini? Wewe hujui kusema. Hujawahi kusema neno ukaeleweka tangu unioe." Akashika mkono wake uliofungwa bandeji. "Mimi nikisema watanifunga mdomo, mke wa kuja. Lakini sitazika mwingine, Ropate. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wacha walie wao."

Nyumba ilikuwa imejaa. Mikeka mipya, magimbi na nguruwe wa kufukiwa na kuokwa shimoni, wanawake wamejipaka mafuta ya nazi. Sereima aliketi katikati, mtoto mapajani. Ratu Emosi aliingia akiwa ameinama kidogo mlangoni, watu wote wakajishusha, na alikuwa na furaha ya kweli, kwa sababu alimpenda Ropate na alijua nyumba hii ilivyolia. Kidonda kilikuwa kimekauka nusu, gaga la njano pembeni mwa mdomo, na kilipasuka kidogo alipotabasamu.

"Nimpokee binti yetu," alisema, akapiga magoti mbele ya Sereima.

"Ratu," Ropate alisema. "Samahani, Ratu. Usimbusu."

Watu waligeuka. Ratu alidhani ni unyenyekevu; wazazi wengine husema mtoto ni mdogo, hastahili. "Anastahili," alisema kwa upole. "Huyu atazaa manahodha."

"Usimbusu, nakuomba. Una kidonda."

"Nyamaza," Maciu alisema kutoka mlangoni.

Ratu alicheka kama alivyocheka ukumbini, akaona ni mzaha wa Bibi Plastiki unarudiwa. "Waisake amekuambukiza utani," alisema, akaanza kuinama. Sereima alimfunika mtoto uso kwa kiganja chake na kujikunja juu yake. Bibi yake Sereima, aliyeketi kando yake, kwa aibu akamshika kifundo cha mkono kuuondoa. Mdomo wa Ratu ulishuka, na uso wa mtoto ulikuwa wazi.

Ropate alimpiga chifu wake.

Alimpiga kutoka ubavuni, kwa mkono uleule uliokuwa na bandeji, na kichwa cha Ratu kikazunguka, mwili ukafuata, akaanguka juu ya sinia la magimbi. Damu ilimwagika kwenye shati jeupe la Jumapili. Hakuna aliye hai pale aliyewahi kuona kitu kile. Kisha ukoo wa Ropate ukafanya kazi yake.

Maciu alifika wa kwanza. Goti lake liliingia kwenye mbavu zilezile zilizokwisha kupigwa teke, nazo zikavunjika. Walikuwa sita, ndugu na binamu, watu aliocheza nao, aliopigana nao bega kwa bega, na walijua pa kupiga. Walimburuta kwa nywele mpaka kwenye sakafu tupu. Mmoja alishika mguu wa kiti. Ropate hakuinua mkono hata kujifunika. Alijiviringisha tu upande wa Sereima, mgongo wake ukiwa ukuta, ili mateke yaishie kwake. Aliona jino lake likiteleza kwenye mbao. Aliona Maciu analia huku anapiga. Jicho moja likafumba, kisha hakuona vizuri tena, alisikia tu, na sauti iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa ya mtoto akilia kwa nguvu, mapafu mazima.

"Tosha," Ratu Emosi alisema.

Wakaacha. Maciu alibaki ameinua ngumi, hajui aiweke wapi.

Ratu aliinuka, kitambaa mdomoni. "Mwacheni aseme. Ropate. Kwa nini?"

Ilimchukua muda kuyapata maneno kwenye mdomo ule. "Kidonda, Ratu. Kinaua vichanga. Nesi aliniambia."

"Kidonda hiki?"

"Ilaitia alitoka malengelenge."

Ratu alishika kitambaa bila kukisogeza. Watu waliuona uso wake ukienda nyuma, miaka miwili nyuma, kwenye nyumba hiihii na mikeka mingine. "Nilimbusu," alisema.

"Ulimbusu, Ratu. Sote tulifurahi."

"Nilikuwa na kidonda?"

Kisha bibi yake Sereima, ambaye bado alikuwa ameshika kifundo cha mjukuu wake, akakiachia. "Ulikuwa nacho," alisema. "Tulikucheka."

Ratu Emosi aliketi. Hakukaa kwenye mikeka yake, alikaa kwenye mbao, palipo na damu na jino, mgongo kwenye nguzo. Na kwa kuwa kwetu hakuna anayekaa juu kuliko chifu, watu wote wa nyumba ile ilibidi washuke. Wanawake walitoka kwenye mikeka, wazee wakashuka kwa kuguna, Maciu akalala kifudifudi kando ya mdogo wake aliyemvunja mbavu. Ratu alifunika uso kwa kitambaa na mabega yake yakatikisika, na watu wakatazama sakafu ili wasimwone.

Alipoondoka hakumkaribia mtoto. Mlangoni alisimama akamwambia Maciu, bila kugeuka, "Mkalete gari. Apelekwe hospitali. Na kesho mtu amwite yule mama wa masanamu arudi. Nitakuwa wa mwisho kwenye mstari."

Wakati gari linatafutwa, Sereima alijivuta mpaka alipolala Ropate. Uso wake haukuwa uso tena. Akamshusha mtoto karibu naye, shavu jipya lenye harufu ya maziwa, kwa sababu baba yake alikuwa bado hajambusu.

Ropate aligeuza kichwa upande wa pili. Kilimuuma kukigeuza.

"Mdomo wangu una damu," alisema. "Ngoja. Niletee kwanza maji na sabuni."